Tunaposema "Wamesuluhishwa"



Katika kata yetu ya Tandale ni maneno machache yanayoheshimiwa na watu wa kila dini, kabila na chama kama neno suluhu. Mjumbe wa shina hulitamka barazani pake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hulipigia mhuri, mashehe na mapadre hulihubiri, na wazee wa jumuiya ndogo ndogo hulitaja wanapoitwa usiku kuamua ugomvi. Likishatamkwa, watu huona aibu kuendelea kusema. Anayezidi kudai haki yake huonekana mkorofi, mtu asiyependa amani. Ndiyo sababu tumeona vema katika toleo hili tulitazame neno lenyewe: limetoka wapi, limebeba nini, na linatumiwaje mitaani kwetu, kuanzia Mtogole hadi Pakacha. Tunafanya hivyo kwa kuwa tuna wasiwasi kwamba neno lililokusudiwa kumwinua aliyeonewa limegeuzwa kuwa la kumnyamazisha.

Suluhu tumelipokea kutoka Kiarabu. Mzizi wake unahusu kitu kuwa sawa, kufaa, kutengenea baada ya kuharibika. Na kutoka mzizi huohuo tumepata neno maslahi, yaani yale yamfaayo mtu. Kwa asili yake basi, kusuluhisha si kuwafanya watu wanyamaze, bali ni kukirudisha kilichoharibika katika hali ya kufaa tena. Jirani yake kwa sauti, ingawa si ndugu yake kwa damu, ni neno sulubisha, lililo na mzizi mmoja na msalaba. Silabi moja tu hutenganisha kumsuluhisha mtu na kumsulubisha, na kwa jinsi vikao vingine vinavyoendeshwa, hata silabi hiyo haisikiki vizuri.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika kata hii na ambao tunashirikiana nao katika misiba na harusi, wanalo fundisho zito juu ya jambo hili. Aya ya 9 ya Surat Al-Hujurat inawaamuru waumini kuyasuluhisha makundi mawili yanayopigana, na haikuishia hapo: inataka suluhu hiyo ifanywe kwa uadilifu. Na sisi tuliosoma Maandiko Matakatifu tunakumbuka kwamba katika Kiebrania kitenzi cha kulipa fidia, kile kinachorudiwa tena na tena katika sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka penye sheria za mali iliyoibwa na shamba lililoteketea, kina mzizi mmoja na neno shalom, yaani amani. Aliyeunguza shamba la mwenzake alipaswa kulilipa. Watu wale wa kale hawakuweza kutamka amani bila kusikia ndani yake mlio wa deni linalolipwa.

Tunalo pia neno letu la Kibantu, patana. Tulitenganishe kama walimu wa sarufi wafanyavyo: pata, patana, patanisha. Wanaopatana ni watu wanaopatana wao kwa wao, kila mmoja akimpata mwenzake. Na mpatanishi ni yule anayewawezesha wapatane. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika kwenye heri ya wafanya amani, katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, walichagua neno hili, wapatanishi, nasi tunawashukuru kwa uchaguzi huo. Lakini nendeni sokoni Tandale asubuhi, penye magunia ya mchele na maharage, mkalisikie patana likitumika kwa maana yake ya kila siku. Mnunuzi na muuzaji wanapatana bei. Wanavutana, wanatania, mmoja anajifanya kuondoka, mwingine anamwita. Mwishoni mmoja anaondoka na mchele na mwingine anabaki na fedha. Hakuna hata mchuuzi mmoja ambaye angesema "tumepatana" kama yeye ametoa gunia na hakupokea kitu. Mtakatifu Paulo naye, katika sura ya 5 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, alipotaka kueleza upatanisho alitumia neno la Kigiriki ambalo katika masoko ya zamani lilihusu kubadilishana fedha. Soko, kwa hiyo, linalijua neno hili vizuri kuliko baadhi ya mabaraza yetu.

Ipo maana nyingine ya suluhu ambayo vijana wetu wanaijua zaidi. Watangazaji wa mpira husema timu zimetoka sare ya bao moja kwa moja. Lakini zikimaliza dakika 90 bila bao hata moja, husema zimetoka suluhu. Yaani wote wamekimbia, wote wamechoka, na hakuna aliyepata kitu. Kwa mchezo maana hiyo inafaa. Tunachokiogopa ni kwamba maana hii ya uwanjani imehamia barazani, na kwamba tunaposema fulani na fulani wametoka suluhu, tunasema bila kujua kwamba aliyedhulumiwa ameondoka na sifuri.

Tuchukue jambo ambalo kila mkazi wa karibu na Mto Ng'ombe analifahamu. Masika yakianza, wako watu wanaosubiri mvua kubwa ndipo wafungue shimo la choo lililojaa, maji yachukue uchafu uende. Tunaita kutapisha choo. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, na mara nyingi halipiti katika vichochoro vyetu, hilo tunalielewa. Lakini maji yale hayaendi mtoni moja kwa moja. Yanapita uani kwa jirani aliye bondeni, yanaingia jikoni, yanazunguka ndoo za maji ya kunywa. Mji huu haujasahau Agosti 2015, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam na wilaya yetu ya Kinondoni kuwa miongoni mwa zilizoguswa mapema. Basi yule mama wa bondeni huenda kwa mjumbe kulalamika. Mjumbe huwaita wote wawili, huwakumbusha kwamba jirani ni wa kwanza kukuzika, huwataka wapeane mikono, nao hupeana. Kikao hufungwa kwa dua. Katika daftari huandikwa: wamesuluhishwa. Shimo nalo liko palepale, limejaa, linasubiri mvua nyingine. Tunauliza kwa heshima yote: ni kitu gani kilichotengenea siku ile? Mama yule hakwenda kwa mjumbe kutafuta mkono wa jirani. Alikwenda kwa ajili ya choo.

Tena mwaka unaofuata, akirudi na malalamiko yaleyale, yeye ndiye atakayelaumiwa kwa kuvunja suluhu!

Katika vikao vya namna hiyo methali mbili hazikosekani. Ya kwanza ni ile ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Ya pili husemwa kwa sauti ya upole zaidi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hatuna ugomvi na wahenga. Katika maneno ya hasira yaliyotupwa na kujutiwa, methali hii ya pili ni dawa njema, kwani neno lililotoka mdomoni halirudi, na kulichambua kila siku ni kulitonesha. Lakini wahenga walisema ndwele na kuganga, maneno ya tiba. Na mganga aliye na akili humwuliza kwanza mgonjwa kama bado anaumwa. Katika nyumba nyingi za Tandale yaliyopita ni ndwele hadi leo. Kuyaita mazima hakuyaponyi.

Tunalisema hili hasa kwa ajili ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka utaratibu ambao sisi tunaupenda, kwamba shauri la talaka lisipelekwe mahakamani, ila kwa hali za pekee zilizotajwa na sheria, kabla halijapitia baraza la usuluhishi, nalo baraza litoe hati ya kuwa limeshindwa kuwapatanisha wenye ndoa. Mabaraza hayo yapo katika kata, na jumuiya za dini nazo zimeruhusiwa kuwa nayo. Nia ya sheria ni kwamba watu wazima wenye hekima wakae na mume na mke, wasikilize pande zote mbili, watafute kilichovunjika. Sheria hiyohiyo inatamka wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Je, wajumbe wa mabaraza yetu wote wanakijua kifungu hicho? Maana tunasikia mara nyingi kwamba mwanamke aliyekuja na jicho lililovimba ameulizwa kwanza alimfanya nini mume wake, kisha akaambiwa arudi nyumbani akavumilie kwa ajili ya watoto. Akija mara ya pili huambiwa vilevile. Mara ya tatu haji. Baraza huhesabu kwamba limefanikiwa, kwa kuwa hakuna malalamiko tena.

Huo ni usuluhishi wa namna gani? Kama mume hakuahidi mbele ya watu kuacha kupiga, kama hakuna aliyepewa jukumu la kwenda kuwatazama baada ya wiki mbili, kama mke hakuulizwa faragha iwapo anaogopa kurudi, basi lililofanyika pale ni kumsindikiza mtu kwenye kipigo kingine. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni kifungo kitakatifu, nasi hatulegezi neno hata moja la fundisho hilo. Lakini sheria ya Kanisa yenyewe inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha roho au mwili. Mshauri wa ndoa asiyelijua hilo asome kanuni ya 1153 kabla ya kuketi tena kitini.

Lipo lililo baya zaidi, na hili hatutalizungushia maneno. Mtoto anapoharibiwa na mtu mzima, pengine mpangaji wa chumba cha pili, pengine ndugu wa damu, husikika maneno haya: tuyamalize kifamilia. Wazee hukaa, fedha hutolewa, mzazi hutia kidole gumba kwenye karatasi, na karatasi hiyo huitwa suluhu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka, na kifungo cha maisha kama mtoto ana umri chini ya miaka 10. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano, ni kweli, lakini katika makosa madogo yanayowahusu watu binafsi, kama vile shambulio la kawaida. Kubaka si mojawapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa kila mwanajamii aliye na taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mzee aliyeketi katika kikao kile asijifariji kwamba amefanya kazi ya upatanisho. Mtoto hakuwemo kikaoni, hakuulizwa, hakupokea kitu, na aliyemtenda bado analala ng'ambo ya ukumbi. Mahali pa kupeleka jambo hilo ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na hospitali mapema iwezekanavyo, kabla mtoto hajaogeshwa.

Tunakiri kwamba lugha ya sheria yenyewe haijawasaidia sana wananchi wa kawaida. Mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani hupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, na huko msuluhishi ni mtu wa kuwasaidia wakubaliane, asiye na mamlaka ya kuwaamulia. Wakishindwa, ndipo shauri huenda kwa mwamuzi. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya 2020, inayotumiwa zaidi na wafanyabiashara wakubwa, inamwita msuluhishi yule ambaye neno lake linawafunga wote wawili. Neno moja, kazi mbili zilizo mbali kabisa. Katika ardhi mambo yalibadilika mwaka 2021: Baraza la Kata, ambalo tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 lilikuwa likiamua mashauri madogo, sasa kazi yake ni kupatanisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mwenye shauri anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi huku kwetu bado wanadhani baraza la kata linaweza kuwanyang'anya kiwanja. Mtu anayeogopa namna hiyo hapatani, anasalimu amri. Tungewaomba wajumbe waanze kila kikao kwa kusema wazi mamlaka yao yanaishia wapi.

Tumesema ya nyumbani. Na tuvuke maji kidogo, kwa sababu ndugu zetu wa Zanzibar wamelipitia somo hili kwa uchungu na wakalazimika hata kubadili neno. Baada ya mzozo wa uchaguzi wa 1995, vyama vya CCM na CUF vilitia sahihi makubaliano mwaka 1999 kwa msaada wa Jumuiya ya Madola. Yaliitwa Mwafaka. Uchaguzi wa 2000 ulipovurugika, mwafaka ule haukuweza kuzuia damu: tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, hasa Pemba, watu zaidi ya 30 wakafa na wengine wengi wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2001 ukatiwa sahihi Mwafaka wa pili. Mazungumzo ya tatu yalikwama mwaka 2008. Ndipo tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana uso kwa uso, na neno lililotumika tangu siku hiyo likawa maridhiano. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai 2010, wananchi wenyewe waliulizwa kwa kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Tofauti ya maneno hayo si ya urembo. Wanaoafikiana wanaweza kuafikiana juu ya karatasi huku mioyo ikiwa mbali; wanaoridhiana ni lazima kila mmoja aridhike. Hata hivyo neno jipya peke yake halikutosha. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF kushiriki, na serikali ya pamoja ikakosekana hadi Desemba 2020, Maalim Seif aliporudi kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akiwa na wiki chache tu za kuishi. Viongozi walipeana mikono mara nyingi katika miaka hiyo yote. Sisi tunajiuliza juu ya mjane wa Januari 2001: katika mikono yote iliyopeanwa, wake ulishikwa na nani?

Swali hilo limehamia bara. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 jiji letu liliona vurugu, risasi, amri ya kutotoka nje usiku na vifo. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye jina la baba yake ndilo neno tunalolijadili hapa, alipofungua Bunge tarehe 14 Novemba 2025 alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi. Neno maridhiano limesikika sana tangu hapo, kwa wanasiasa na kwa viongozi wa dini. Nasi tunalitaka kwa moyo wote. Lakini tunasisitiza mpangilio wake: kwanza ijulikane nani alikufa, wapi, na kwa mkono wa nani, familia iliyokosa maiti ya kuzika ielezwe ukweli, aliyekosa ajibu, aliyepoteza alipwe kadiri inavyowezekana. Maridhiano yakitangulizwa mbele ya hayo yatakuwa kama kikao kile cha choo, kikubwa zaidi tu.

Turudi kwenye daftari. Tunawaomba viongozi wa jumuiya zote za Tandale, na wajumbe wengine wowote watakaoona inafaa, waache kuandika neno "wamesuluhishwa" peke yake. Iandikwe ni nani aliyeumizwa na ni nini kilichoharibika, kwa maneno yake mwenyewe. Iandikwe aliyekosa amekubali kufanya nini, iwe ni kulipa umeme wa LUKU aliotumia kwa siri, kurudisha mlango aliouvunja, au kuacha pombe. Iandikwe jina la mtu wa tatu atakayekwenda kuangalia kama limefanyika, na tarehe ya kwenda. Kama aliyeonewa hataki kusamehe siku hiyo, asilazimishwe kutoa mkono mbele ya watu. Iandikwe kwamba hayuko tayari, na kikao kiahirishwe bila lawama. Kwa shauri la choo tulilolieleza, tarehe hiyo ya ukaguzi iwe kabla ya mwezi Machi, mvua hazijaanza.